IST inamisi baada ya kubadilisha plagi

Tanga, Jumapili

Ndugu yangu Salum,

Salamu sana, na unisalimie wote hapo nyumbani. Huku tu wazima.

Ujumbe wako nimeupata. Umebadilisha plagi zote nne za Toyota IST yako, na tangu hapo injini inamisi: gari likiwa sailensa (limesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta) linatetemeka, ukipanda mlima halivuti, na taa ya injini imewaka. Fundi amekwambia ukanunue koili nne, vile vifaa vinavyokaa juu ya plagi na kuipa kila moja umeme wa cheche. Nakuomba usitoe hata shilingi kwanza. Koili inaweza kuwa ndiyo yenye kosa, lakini mara nyingi ni moja tu, na huenda isiwe koili kabisa.

La haraka ni hili. Taa ikiwa imewaka tu, gari unaweza kulisogeza taratibu. Ikianza kupepesa, egesha na uzime. Petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda inatoka mbichi na kwenda kuungulia kwenye kataliti, kile kisafisha moshi kilichoko kwenye ekzosi. Kataliti ikipata joto kupita kiasi inayeyuka ndani na kuziba, na bei yake unaijua.

Gari lilikuwa linakwenda vizuri kabla boneti haijafunguliwa, kwa hiyo anzia pale mikono ilipopita: koili, konekta za koili (soketi za waya wake), plagi, na hosi yoyote iliyosogezwa ili kupata nafasi. Pampu ya mafuta na nozeli zinazopuliza petroli hakuna aliyezigusa, ziache za mwisho.

Kwanza ujue ni silinda ipi. Ukipima kwa mashine utapata kodi, yaani namba ya kosa: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. P0300 maana yake inamisi ovyo, bila silinda moja maalumu. IST yako iwe na injini ya 2NZ au 1NZ, hesabu ni ileile: namba 1 iko upande wa mikanda, namba 4 upande wa gia boksi. Vile vidude vya bei rahisi vya kuunganisha na simu haviyasomi baadhi ya magari ya Japani ya miaka ile, basi kikigoma usidhani kompyuta ya gari imekufa.

Bila mashine, fanya hivi. Zima injini, chomoa konekta ya koili moja, washa, sikiliza kwa sekunde chache, zima, rudisha, nenda ya pili. Ukichomoa na mtetemo ukazidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na mlio usibadilike, hiyo ndiyo iliyolala. Usikae nayo muda mrefu, kwa sababu ile petroli mbichi bado inateremka kwenye ekzosi. Na kamwe usiinyanyue koili kutoka kwenye plagi injini ikiwa inazunguka. Moto wake ni maelfu ya volti, unakupiga wewe na unaweza kuiua koili yenyewe.

Tuseme ni ya tatu. Acha injini ipoe, kisha kabla ya kufungua kitu itikise konekta ya namba 3. Plastiki za magari haya zimekaushwa na joto la miaka mingi, klipu inakatika ukiibonyeza mara moja tu. Konekta ikiwa imekaa lakini haijajifunga, inagusa na kuachia kadiri injini inavyotikisika. Chungulia na pini kama kuna iliyopinda au kurudi nyuma. Ukiwa na mita ya umeme, zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini: kati ya pini mbili za pembeni kabisa za konekta unatakiwa kupata volti 12 za betri. Ukikosa, tatizo ni waya, na koili mpya haitakusaidia.

Konekta ikiwa safi, hamisha koili. Bolti yake ni ya spana namba 10. Ya silinda 3 ipeleke silinda 1, ya 1 ilete 3, plagi usiziguse. Futa kodi ya kosa kwa mashine, washa, endesha kidogo, pima tena. Kosa likihamia silinda 1, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Likibaki 3, badilishana plagi za silinda hizo mbili na upime upya. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, Salum! Ukihamisha koili na plagi kwa pamoja, kosa likihama hutajua limemfuata nani. Na usimkubali anayetaka kuzipima koili hizi kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) akakwambia ni nzima. Ndani yake kuna saketi ya kielektroniki, na koili inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi kisha ikafa ikipata joto. Kuhamisha ndicho kipimo.

Koili ikiwa mkononi, itazame vizuri. Ndani ya ule mpira mrefu kuna springi inayogusa kichwa cha plagi; wakati mwingine inachomoka na kubaki kwenye shimo, au inakaa upande. Mpira wenyewe ukiwa na ufa, moto wa cheche unatokea pembeni kwenda kwenye chuma cha injini badala ya kushuka kwenye plagi. Ukiona mpira umelowa oili na kulegea, sili za mashimo ya plagi kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) zimechoka. Futa oili yote iliyo shimoni kabla ya kufungua plagi, la sivyo inaingia kwenye silinda na utaona moshi. Ukilowa maji, uliza kama injini imeoshwa kwa presha hivi karibuni.

Sasa plagi, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu plagi mpya watu huiamini bila kuikagua.

Tazama kauri nyeupe. Boksi spana ikiingia kwa kulala, kauri inapasuka ufa mwembamba usioonekana haraka. Moto ukianza kupita hapo unaacha mstari mweusi kutoka juu hadi kwenye chuma, kama uliochorwa kwa penseli. Plagi yenye mstari huo haisafishwi, inatupwa, na mpira wa koili yake ukague kwa ndani, kwani nao huwa umeungua mahali palepale. Usiku, kwenye giza, unaweza hata kuona cheche za bluu zikiruka.

Kisha nafasi ya mdomoni. Injini yako inatumia milimita 1.1. Plagi ikianguka sakafuni, ncha ya juu inagandamizwa na nafasi inapungua, ikifika 0.6 hivi, sailensa inaanza kusumbua. Pitisha fila, zile bamba nyembamba za kupimia nafasi. Kama ni plagi ya kawaida, inyooshe taratibu. Kama ni ya iridiamu, usiiweke bisibisi katikati wala usiisugue kwa brashi ya chuma: ncha yake ni nyembamba mno na inavunjika. Ikianguka kwenye sakafu ngumu, mimi ningeiacha na kuchukua nyingine.

Soma pia namba. Kwa mfano NGK BKR5EYA-11: B ni uzi wa milimita 14, K ni kichwa cha spana 16, R ni rezista ya kuzuia kelele za redio, 5 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa uzi milimita 19, na 11 mwishoni ndiyo ile 1.1. Denso inayolingana nayo ni K16R-U11, na 16 yake ndiyo 5 ya NGK. Kwa hiyo plagi inaweza kuingia na kukaza sawasawa na bado ikawa siyo yake. Za bandia nazo ni nyingi. Ukiona maandishi yanafutika kwa kidole, washa (ile ringi ya chuma) inachomoka yenyewe, au ncha ya juu haikukaa katikati, zirudishe dukani.

Kukaza: injini iwe ya baridi, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na uzi wake unakwisha upesi. Anza kwa vidole, ukiishika plagi kwa kipande cha hosi ya mpira. Ikiingia kombo utahisi mapema. Mkazo ni Nm 18 kwa spana ya kupimia mkazo. Huna spana hiyo? Plagi mpya yenye washa, ikishagota kwa mkono, ongeza nusu mzunguko. Iliyokwisha kufungwa mara moja, ongeza kidogo tu, kama sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko. Ikilegea utasikia “chi-chi-chi” ya kompresheni ikivuja, na plagi yenyewe inapata joto kupita kiasi.

Ukishahamisha koili, kisha plagi, na kosa likang'ang'ania silinda ileile, hapo ndipo uende kwenye nozeli, kisha kompresheni (mgandamizo wa silinda). Na ikiwa kodi ni P0300 pamoja na P0171 (hewa nyingi, petroli kidogo), tafuta hosi ya hewa iliyoachwa wazi au kupasuka, maana injini inavuta hewa isiyopimwa.

Plagi za zamani usizitupe. Ukirudisha moja kwenye silinda inayosumbua na mtetemo ukaisha, umeshapata jibu bila gharama. Zipige picha, pamoja na mpya, zikiwa zimepangwa kuanzia silinda 1 hadi 4, unitumie pamoja na kodi utakayoipata. Picha ya kauri iwe ya karibu, kwenye mwanga wa jua.

Wako,
Hamisi