Chumvi ya figo iko kwenye chungu cha mama lishe

Mhariri,

Kila Machi, Siku ya Figo Duniani ikifika, wakazi wa Dar es Salaam huhimizwa wapunguze chumvi. Sawa, lakini anayeambiwa siye anayeshika kijiko. Kibarua wa Kariakoo hapiki. Asubuhi supu na chapati, mchana wali wa mama lishe, usiku chipsi. Maharage yanataka saa mbili jikoni, na kwa mpangaji wa chumba kimoja mkaa wake unaweza kuyapita bei.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai cha kusawazisha. Ukigawa kwa milo mitatu, chakula cha mchana cha watu 20 hakipaswi kuzidi vijiko 6 vya chai, wali, maharage na mboga vyote pamoja. Kosa kubwa ni vidonge vya kukolezea mchuzi. Havihesabiwi, ilhali karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ng'onda nao walowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe, na mchuzi wake usiongezwe chumvi. Ndimu na pilipili zitaziba pengo.

Chumvi hupandisha presha, presha huharibu vichujio vya figo, na miguu ikianza kuvimba mara nyingi uharibifu umeshakwenda mbali. Mwenye presha au kisukari apime protini kwenye mkojo na kreatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye damu angalau mara moja kwa mwaka, asisubiri hadi aumwe. Na diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, nayo huumiza figo; si ya kumeza kila siku kwa mgongo wa kubeba mizigo.

Figo zikishachoka, ushauri hugeuka. Daktari akikuta potasiamu, madini yaliyo kwa wingi kwenye ndizi na viazi, iko juu kwenye damu, vyakula hivyo vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Chumvi mbadala inayouzwa kuwa ina sodiamu (madini ya chumvi ya kawaida) kidogo mara nyingi imejazwa potasiamu. Mgonjwa huyu asiiguse. (Juisi ya mbilimbi hata asiye mgonjwa asiinywe kwa glasi, kemikali yake iitwayo oksaleti imewahi kuzima figo za watu.)

Maofisa afya wa halmashauri wanapokagua usafi wa mama lishe, wakague na chumvi: kijiko kimoja cha kupimia kila jiko, na kopo la chumvi lisikae mezani ila kwa anayeliomba.

Mtaalamu wa lishe,
Temeke, Dar es Salaam