Midomo ya bibi imeniaibisha, niangalizie

Oyaa kaka, mambo? Shem hajambo, madogo je? Najua nimepotea tangu ule msiba kwa kina Mama Zai, na najua kuna hela unanidai, hayo tusiyaanze leo. Nina shida, tena shida ya kijinga kweli.

Si unakumbuka ile animesheni ya chandarua, dakika moja na kidogo, bibi anawaambia wajukuu habari za mbu? Juzi nimeipeleka kwa wenyewe. Wakaiweka kwenye tivii kubwa ukutani, watu sita na chai yao, nikabonyeza. Kaka weee. Bibi anasema "wajukuu zangu" na mdomo kaufumba, sauti ishatoka ndo anakumbuka kuufungua. Nikasema labda tivii yao. Ikafika kama sekunde ya tano, anaita "njooni hapa", ikakaa sawa kabisaaa, nikashusha pumzi. Kumbe bado. Ikaanza kwenda upande wa pili, sasa mdomo ndo unatangulia, na kila inavyosonga unazidi kutangulia, mwishoni bibi kashamaliza kuongea kafumba mdomo anatukodolea macho na sauti bado inahutubia. Dada mmoja akasema kama zile sinema za Kichina za banda umiza. Wakacheka wote, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Usiku sijalala. Nikaanza kuilaumu sauti, maana shangazi alijirekodi kwa simu akanitumia WhatsApp, nikaigeuza WAV, wapi. Nikailaumu laptopu, ila pleibaki nimeiweka ifuate sauti kama ulivyonifundisha, na hata video iliyokwisha rendwa, yaani faili la mwisho lenyewe, ina kosa lilelile, kwa hiyo mashine haina hatia. Kilichonitesa ni ile sekunde ya tano. Mdomo unachelewa, unapatia, halafu unawahi, kosa gani hilo? Nimekuja kushtuka saa tisa usiku kwamba ni makosa mawili, na yote yangu.

Moja ni zile iafoni za Bluetooth ulizozicheka. Midomo yote nimeichezesha nimezivaa. Sauti inafika sikioni imechelewa, picha haijachelewa, mi naona bibi ana kiherehere anafungua mdomo mapema, basi nikaisogeza sauti fremu 5 kushoto, yaani iwahi, ili ikae (fremu si ndo zile picha moja moja za video). Ikakaa, masikioni mwangu tu! Fremu 5 kwenye 24 za sekunde moja ni kama moja ya tano ya sekunde, kuitaja ni ndogo, hebu iangalie kwenye uso wa mtu.

Ya pili ndo ya aibu zaidi. Wao walitaka fremu 25 kwa sekunde, mi nilianza na 24 ile ambayo Blender, programu ninayochezeshea, inakuja nayo, usiku wa mwisho nina usingizi nikabadilisha namba nikarenda bila kuangalia hadi mwisho. Sauti inakwenda kwa sekunde, midomo inakwenda kwa fremu. Neno la sekunde ya 60 nililifunga fremu ya 1440, na 1440 ukiigawa kwa 25 unapata sekunde 57.6, yaani 2.4 zimeliwa hivihivi. Na pale kwenye "njooni hapa" ule uchelewaji wa kwanza na uwahi wa pili ndo vilikuwa vinapishana mlangoni.

Basi sauti nimeirudisha mahali pake, alama zote za midomo nimezitanua mara 1.0417 kuanzia mwanzo wa taimlaini, nyingi zikaangukia katikati ya fremu, nikazivuta moja moja zikae kwenye fremu kamili. Hapo ndo nimekwama, kwenye "mbu". Bibi anaitaja mara tisa, na midomo lazima ibane kwanza kwenye mb ndo ichongoke kwenye u. Ukikosea a au e mtu anapita tu, mb isipobana hata mtoto anakukamata. Rhubarb, ile programu inayosikiliza sauti na kupanga midomo yenyewe, ndo ilinivuruga toka mwanzo, niliiacha isikilize kama Kiingereza badala ya kuiweka ile ya fonetiki inayofuata milio tu, nikaishia kuchora za mbu zote kwa mkono. Sasa mbu ya saba midomo inabana fremu mbili kabla ya sauti na nikiisogeza naona imekufa, nikiiacha naona imewahi, sijui tena ninachoona, nimeitazama mpaka bibi mwenyewe kanichoka.

Nimekutumia kwa WhatsApp kama dokumenti isije ikabanwa. Tafadhali kaka iangalie ukiwa na iafoni ya waya, ya waya! Keshokutwa jioni narudi kwa wale watu.

Hiyo mbu ya saba utaiacha au utaisogeza? Si wewe uliyesema mdomo utangulie kidogo, kidogo ndo fremu ngapi, moja au mbili? Na mwisho pale anapowafunika, bado unaona mdomo unakimbia au ni macho yangu? Halafu una waya wa ziada hapo kwako, nani anashuka Dar wiki hii nimpokee stendi? Na Kipara alikupa ile elfu ishirini au kakupiga kalenda tena?