Kabla hujaiwasha ile 486

Morogoro

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Huku tu wazima. Nimefurahi mno kusikia kwamba kompyuta ya marehemu mzee, ile 486 (aina ya prosesa yake, ya miaka ya tisini), mmeitoa stoo.

Tafadhali usiiwashe bado. Fungua kasha uangalie betri kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Nyingi za umri huo zina betri kama kipipa kidogo, imelehemiwa palepale, na ikizeeka huvuja dawa inayotafuna njia za shaba. Ukikuta kutu ya kijani, ing'oe betri hiyo, sugua palipotafunwa kwa mswaki uliochovywa siki, halafu spiriti, uache pakauke kabisa. Baadaye fundi ataweka kishikio cha betri ya kidonge, CR2032, lakini asisahau dayodi, kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu: mazabodi hupeleka chaji, na betri ile haichajiwi.

La pili, diski ya mzee usiifute! Huenda barua zake na hesabu za duka bado zimo. Ichomoe, iweke pakavu, tutazinakili pamoja. Badala yake tumia kadi ya CompactFlash, zile za kamera za zamani, na kiunganishi chake cha IDE, yaani cha kuichomeka pale ilipokuwa diski. MB 256 zinatosha na kubaki. Kubwa sana itakusumbua, kwa sababu BIOS nyingi za wakati ule, yaani programu ya kuamshia mashine iliyomo kwenye mazabodi, huhesabu diski na kuishia silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, yaani MB 504.

Umeniuliza kuhusu Windows 95. Kwa memori ya MB 8 itaingia, ila itajikokota. Mimi ningeweka MS-DOS 6.22 ya mwaka 1994, mfumo endeshi wa kuandika amri, na juu yake Windows 3.1. DOS yenyewe ni flopi tatu tu, na mashine itakwenda mbio kama alivyoizoea mzee.

Washa ukiwa umeweka flopi ya kwanza. Programu ya kusakinisha itataka ikufanyie kila kitu. Bonyeza F3 mara mbili utoke. Andika FDISK, amri ya kugawa diski, tenga sehemu moja kwenye kadi, uzime na kuwasha tena, halafu FORMAT C: /S, inayoiandaa sehemu hiyo iweze kuwashia mashine. Hapo ndipo uite SETUP, ile programu ya kusakinisha. Ni njia ndefu kidogo, lakini naipenda kwa moyo wote, maana unaiona kompyuta ikijengwa mbele ya macho yako, hatua kwa hatua, bila kufichwa chochote. Ukimaliza, hakikisha faili la mipangilio, CONFIG.SYS, lina HIMEM.SYS (inayofungua memori ya juu) na chini yake DOS=HIGH (inayohamishia DOS huko), ili zile KB 640 za mwanzo za memori, zinazotumiwa na programu za DOS, zibaki na nafasi. Andika MEM /C uone programu gani imekaa wapi kwenye memori.

Nitumie picha ya mazabodi kabla hujagusa kitu. Flopi nimeshazijaribu, zinasomeka. Nitazipeleka kwenye basi la Tanga Ijumaa asubuhi, nawe uzipokee stendi.

Msalimie mama sana.

Wako,
Juma