Kwa nini shangazi ametoka bila mikono?

Mwezi uliopita dada mmoja alirudi studioni na albamu ya harusi yake, akafungua ukurasa wa akina mama wakiserebuka, akatuuliza: "Mbona shangazi hana mikono?" Kweli, uso ulikuwa safi, kitenge kinaonekana hadi maua yake, lakini mikono imekuwa kama moshi. Alidhani kamera ni mbovu. Kamera ilikuwa nzima. Tuliiweka kasi isiyofaa kwa tukio lile, na kosa hilo ni letu. Tuliyomweleza ndiyo haya.

Ndani ya kamera mna pazia dogo liitwalo shata. Ukibonyeza, linafunguka, mwanga unaingia, kisha linajifunga. Muda linaokaa wazi ndio kasi ya shata, nasi huuandika kwa sehemu za sekunde: 1/50, 1/500, 1/1000. Chochote kinachosogea pazia likiwa wazi huacha alama ya njia yake pichani. Mkono unaokwenda mita 2 kwa sekunde, kwa 1/50 husogea sentimita 4. Huo ndio moshi wa shangazi. Kwa 1/500 ungesogea milimita 4 tu, na vidole vingehesabika.

Basi si tuweke 1/500 usiku kucha? Tatizo ni mwanga. Muda ukipungua mara kumi, mwanga nao hupungua mara kumi, na MC akishazimisha taa ili keki ing'ae, ukumbi hubaki giza la kupapasa. Tukiilazimisha kamera ione humo, picha hujaa chenga. Taa zenyewe nazo zina mambo yake. Umeme wa Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo baadhi ya taa za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Shata ya haraka huudaka mpepeso huo, na michirizi ya giza hukatiza kwenye gauni jeupe. Hapo tunashuka hadi 1/100 na kutegemea flashi. Mwako wake, tukiupunguza nguvu, ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo gizani ndio unaogandisha mwendo. Matone ya shampeni unayoyaona yamening'inia hewani kama shanga yamegandishwa na flashi.

Lakini ukungu si adui kila mara, na hapa ndipo tunapoipenda kazi yetu zaidi. Msafara wa harusi ukipita na matarumbeta juu ya pikapu, ukiupiga kwa 1/1000 gari huonekana limeegeshwa. Sisi huteremka hadi 1/30, tukaligeuzia gari kamera kwa mwendo uleule linaokwenda nao: wapiga tarumbeta wanatulia, maduka nyuma yao yanageuka mistari. Picha tatu kati ya nne huharibika, ndiyo maana tunapiga nyingi. Bibi harusi akizunguka, 1/15 pamoja na flashi huacha uso umetulia na pindo la gauni likiyeyuka. Picha hiyo ina muziki ndani yake.

Kwa wanaopiga kwa simu: gizani simu hujichagulia kasi ndogo, na hali ya usiku huweza kuchukua sekunde kadhaa, kwa hiyo usiitumie kwa watu wanaocheza. Sogea karibu na taa. Mtu akiruka, bonyeza afikapo juu kabisa, maana pale mwili husimama kidogo kabla ya kushuka.

Ukituwekea nafasi, tuambie mapema nani atacheza, saa ngapi, na kama taa zitazimwa. Zungumza na MC aache japo taa za pembeni wakati wa kuserebuka. Sisi tutafika saa moja kabla ya wageni ili tujaribu taa za ukumbi. Jaribio hilo halina malipo.