Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika kandanda: historia ya Vasco da Gama iandikeni ilivyo

Wanangu mnaoandika kandanda kwa Kiswahili,

Kila mjadala wa ubaguzi viwanjani ukizuka, Vasco da Gama ya Rio de Janeiro hutajwa, na sentensi ya kwanza huwa ileile: "klabu ya kwanza Brazil kuchezesha weusi." Ifuteni. Mchezaji mweusi Francisco Carregal aliichezea Bangu, klabu nyingine ya Rio, mwaka 1905, miaka kumi kabla Vasco haijawa hata na timu ya kandanda. Msomaji anayemjua Carregal akilikuta kosa hilo mlangoni, habari yote iliyobaki ataisoma kwa shaka. Nalo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu iliyobaki ni ya kweli, na ina uzito kuliko huo ukwanza mnaoupachika.

Anzieni na tarehe. Klabu iliasisiwa 21 Agosti 1898 kwa ajili ya mbio za makasia, ndiyo maana hadi leo jina lake kamili ni Club de Regatas Vasco da Gama. Waasisi wengi walikuwa wahamiaji wa Kireno, na mwaka ule ilitimia miaka 400 tangu nahodha Vasco da Gama afike India. Hapa mwandishi wa Kiswahili analo la kwake la kueleza. Safari ileile ilipitia Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1502 nahodha huyohuyo alirudi na mizinga akailazimisha Kilwa kulipa kodi. Wareno wa Rio waliliona jina hilo ni fahari. Pwani yetu ina kumbukumbu nyingine kabisa. Aya moja inatosha, ila isikosekane.

Kandanda ilikuja 26 Novemba 1915, Vasco ilipoungana na klabu ya Lusitânia. Mechi ya kwanza, 3 Mei 1916, walifungwa 10–1 na Paladino. Kwa hiyo ukiandika "timu ya soka iliyoanza 1898" umeizidishia umri kwa miaka 17. Kabla ya hapo, mwaka 1904, wanachama walikuwa wamemchagua Cândido José de Araújo, mtu chotara, kuwa rais wa klabu. Hilo waandishi wengi huliruka, ingawa linaonyesha kwamba yaliyotokea baadaye hayakuanzia uwanjani.

Sasa mwaka 1923, na hapa msiwe na haraka. Vasco ilikuwa imepanda daraja baada ya kutwaa ubingwa wa daraja la pili mwaka 1922. Kocha alikuwa Ramón Platero kutoka Uruguay, aliyewakimbiza wachezaji mazoezini kiasi kwamba kipindi cha pili wapinzani walikuwa hoi na vijana wake bado wana pumzi. Msimu wao wa kwanza juu wakawa mabingwa wa Rio. Kikosi kilikuwa mchanganyiko: weusi, machotara, na weupe wa tabaka la wafanyakazi. Shati lilikuwa jeusi tupu lenye msalaba kifuani, ndipo wakaitwa Mashati Meusi. Ule mkanda mweupe wa mshazari haukuwepo katika jezi ile. Msiwachoree mabingwa wa 1923 jezi ya leo. Na msalaba wenyewe, japo mashabiki wanauita wa Malta, kwa umbo si wa Malta.

Waliokasirishwa na ubingwa huo hawakuandika popote "weusi marufuku". Hapa ndipo habari nyingi huteleza, kwa kuwa mwandishi hutafuta sheria ya rangi, asipoiona huitunga. Kandanda ya Rio wakati ule ilikuwa ya ridhaa, kucheza kwa malipo ni kosa. Mchezaji alitakiwa athibitishe kuwa ana kazi inayotambulika, na aweze kuandika jina lake mwenyewe kwenye fomu. Katika nchi iliyofuta utumwa mwaka 1888 tu, pigeni hesabu wenyewe: nani alikuwa hajapelekwa shule, na nani alifanya kazi ambazo wenye vilabu waliziona duni? Sharti la kalamu na kazi liliwachuja watu walewale bila kutaja ngozi. Vasco ilijibu kwa vitendo: wafanyabiashara wa Kireno waliwaandikisha wachezaji kazini, na klabu ikawafundisha wasiojua kusoma na kuandika. Wekeni maelezo haya kabla ya kufika mwaka 1924, la sivyo msomaji hataelewa wakubwa walikuwa wanachunguza nini.

Machi 1924 vilabu vikubwa, wakiwemo Fluminense, Flamengo, Botafogo na América, vilijitenga na kuunda shirikisho jipya, AMEA. Bangu nayo iliingia, ingawa ilikuwa na historia ya Carregal; msilifiche hilo. Vasco iliambiwa iwaondoe wachezaji 12. Jibu lake ni barua namba 261 ya tarehe 7 Aprili 1924, iliyotiwa saini na rais José Augusto Prestes na kupelekwa kwa Arnaldo Guinle wa AMEA.

Isomeni barua hiyo yenyewe, ni fupi. Neno "weusi" halimo. Inalalamikia uchunguzi uliofanywa juu ya hali ya kijamii ya wachezaji, na haki ya kujadili na kupiga kura ambayo Vasco ingepewa. Kisha inasema kwamba wale 12 ni vijana, karibu wote Wabrazil, ndio kwanza wanaanza safari yao, na kwamba klabu haitakubali wao kuaibishwa hadharani. Kwa hiyo inajitoa AMEA. Basi andikeni kwamba barua ilikataa kuwatoa wachezaji kwa sababu ya hali yao ya kijamii, halafu elezeni jinsi hali hiyo na rangi zilivyofungamana. Msiweke mdomoni mwa Prestes maneno ambayo hakuyaandika.

Vasco ilibaki kwenye ligi ya zamani na kuitwaa bila kupoteza mchezo. Ndiyo maana Rio ina mabingwa wawili wa 1924, Vasco kwa LMDT, ile ligi ya zamani, na Fluminense kwa AMEA; jedwali lenye mmoja tu lina upungufu.

Kosa jingine ni la mpangilio. Huandikwa kwamba Vasco ilijenga uwanja, kisha ikakubaliwa AMEA. Sivyo. Iliingia mwaka 1925, ikiwa na wachezaji wake. Ila dharau ya kutokuwa na uwanja unaofaa iliwauma, wakachangishana. Jiwe la msingi liliwekwa 6 Juni 1926, na São Januário ikafunguliwa 21 Aprili 1927, kazi isiyotimiza miezi kumi na moja. Siku ya ufunguzi Santos iliwafunga 5–3. Hakuna uwanja Brazil uliouzidi ukubwa hadi Pacaembu ya São Paulo mwaka 1940. Mwaka huohuo, 1 Mei, Rais Getúlio Vargas alitia saini uwanjani São Januário amri ya mshahara wa kima cha chini.

Kwenye vikombe, jihadharini na mambo mawili. Ubingwa wa vilabu vya Amerika Kusini wa 1948, uliochezwa Santiago ambako Vasco ilitoka suluhu ya 0–0 na River Plate, upeni mstari wake, kwani CONMEBOL, shirikisho la kandanda la Amerika Kusini, iliutambua baadaye, miaka ya 1990. Msiujumlishe na Libertadores, kombe la vilabu la bara hilo la siku hizi, ambayo Vasco imeitwaa mara moja, 1998. Kikosi cha 1948 ndicho kilichoipa Brazil ya Kombe la Dunia la 1950 kocha Flávio Costa, kipa Barbosa, Augusto, Danilo, Ademir na Chico. La pili ni ubingwa wa taifa wa 2000. Fainali dhidi ya São Caetano ilivunjika 30 Desemba baada ya uzio wa São Januário kuanguka na watu zaidi ya mia moja kujeruhiwa. Ilirudiwa Maracanã 18 Januari 2001, ikaisha 3–1. Msimu ni wa 2000, kombe lilinyanyuliwa 2001, andikeni yote mawili.

Na mkiwataja Mashati Meusi, wapeni majina. Kikosi chao kilichozoeleka: Nelson, Leitão na Mingote, Nicolino, Bolão na Arthur, Paschoal, Torterolli, Arlindo, Cecy na Negrito.