Wanangu mnaotaka kuoana ufukweni Zanzibar

Wanangu wapendwa,

Siku hizi kadi za harusi zinazoingia kwenye simu yangu zina minazi na bahari. Bwana harusi ni wa Tabata, bibi harusi ni wa Kimara, wazazi wa pande zote wako Moshi na Bukoba, na harusi iko Kendwa, kaskazini mwa Unguja. Chini ya minazi kuna namba ya kutuma mchango.

Kuhusu minazi sina ugomvi. Nimekaa kwenye kamati za harusi tangu enzi za daftari la ahadi, kabla ya magrupu ya WhatsApp, na kero za kumbi zetu nazijua: MC anafoka, chakula kinatoka saa sita usiku, maharusi wenyewe wanaondoka na njaa. Anayetaka upepo na mchanga mweupe namwelewa. Neno langu ni juu ya hiyo namba.

Shangazi anapotoa laki moja kutoka kwenye mtaji wake wa vitunguu, anajua anachokilipia. Atashona sare, atacheza wakati wa kupeleka zawadi, ataonja ndafu, na binti yake akija kuolewa mama yako atamrudishia laki yake. Kamati zimeishi miaka yote kwa hesabu hiyo. Sasa mpeleke Kendwa. Apande basi kutoka Bukoba hadi Dar, apande boti takriban saa mbili, kisha gari kutoka bandarini Malindi kwa zaidi ya saa moja. Sherehe inaisha usiku na boti ya kurudi ni ya kesho, kwa hiyo alipie na kitanda. Hawezi. Atatuma laki yake, kisha ataangalia picha. Huko ni kumtoza mtu nauli ya safari asiyokwenda, na maneno yake mtayasikia kwenye misiba kwa miaka.

Kwa hiyo nasema wazi, na wenyekiti wenzangu wa kamati wanikasirikie: harusi ya ng'ambo ya maji haichangishwi. Mkiwa na fedha ya watu ishirini, alikeni ishirini na mlipe wenyewe. Ndoa ifungwe nyumbani, kanisani au msikitini kwenu, watu wale pilau mchana, waliochanga wakae vitini mwao. Wakatoliki hamna hata haja ya kubishana na mimi, muulizeni paroko kama atabariki ndoa kwenye mchanga. Wanaotaka kufungia huko huko wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, ile ya notisi ya siku 21, ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao. Ulizeni huko kabla hamjachapisha kadi.

Sasa bahari yenyewe, maana mnaichagua kwa picha. Paje na Jambiani ziko mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya migongo yenu, kwenye minazi na mapaa. Mnaotaka jua linalotumbukia majini nendeni Kendwa au Nungwi. Tena huko mashariki maji yakipwa hukimbia mbali kabisa, ngalawa zinalala ubavu, na akina mama wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani. Mimi napenda kuitazama ile pwani kavu. Lakini kama mmelipia mapambo kwa ajili ya mawimbi, mtapiga picha na matope.

Sisi wa bara tunapanga harusi kwa tarehe ya mshahara. Pwani ya mashariki hupangwa kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alasiri. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa hizo hizo yamekupwa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mvuvi yeyote wa Jambiani atawatajia Jumamosi inayofaa bila kufungua kitabu, na hatawatoza kitu.

Masika, Machi hadi Mei, hoteli huteremsha bei, na mvua ndiyo sababu. Juni hadi Agosti ni kavu ila kusi inavuma na boti inarushwa. Angalieni na Ramadhani, ambayo mwaka 2027 inaangukia Februari na Machi: kula na kunywa hadharani mchana hakufai visiwani, na wageni wenu watashinda wamejifungia hotelini. Jamaa wanaokuja na pasipoti za kigeni waambieni mapema kuhusu bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44. Ndafu nayo muiulizie kabla ya kulipa kianzio, maana hoteli nyingi hazipokei chakula cha nje, na sitaki kusikia mjomba amezuiwa getini na mbuzi wake.

Jambo moja wapangaji wa Dar hulisahau. Ile dakika jua linapozama, mnapotaka muziki upande na shampeni ifunguliwe, ndiyo dakika ya adhana ya magharibi. Msikiti hauko mbali na ufuko. DJ azime hadi watu waswali, na gauni la wazi mgongo libaki ndani ya uzio wa hoteli, lisipelekwe kijijini kupigiwa picha. Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, awe na taarifa. Mnakwenda kwa watu.

Na wazee. Mkiamua kutuchukua, tutafutieni vyumba vya chini na viti vyenye migongo, si magogo ya kwenye picha. Bibi yenu amesema anakuja, ila kwa ndege. Yeye hutapika hata kwenye pantoni ya Kigamboni.

Ni mimi babu yenu,
Tabata, Dar es Salaam