Wanaojitolea waje jioni

Mhariri,

Wanafunzi wa ng'ambo wanaokuja Mtwara kujitolea katika afya hufika zaidi Julai, likizo yao. Karibuni sana. Ila Julai watu wako mikoroshoni wanapulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, wengi bila barakoa wala miwani, na vumbi lile huwasha macho na kubana kifua. Semina yao ya chandarua saa nne asubuhi ataisikiliza nani?

Wanafunzi hao wafuatane na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jioni, nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye anajua mwenye busha anayejificha kwa aibu, mgeni mwenye kamera (na kamera hazikosekani!) hatamwona. Halmashauri ziwapangie kazi na zahanati kabla hawajakata tiketi.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara